Maswali na Majibu: Makanisa ya Mawe Yaliyobaki Kuta

Barua nyingi za mwezi huu zinauliza kuhusu magofu ya makanisa, ya ng'ambo na ya kwetu Pwani. Tumeanza na ile inayohusu mahali pa mbali zaidi.

SWALI: Dada yangu anafanya kazi Yorkshire, Uingereza. Amenitumia picha za kanisa kubwa la kale la Kikatoliki liitwalo Rievaulx. Kuta ziko juu sana, madirisha ni matupu, paa hakuna na nyasi zimeota ndani. Ni vita gani vilivyolibomoa? – Msomaji, Kisauni

JIBU: Hapakuwa na vita. Rievaulx ilivunjwa kwa amri ya serikali, kwa hati na mahesabu, na mafundi walianzia kazi yao juu ya paa.

Kanisa hilo lilikuwa la abasia, yaani makao ya wamonaki. Mwaka 1132 wamonaki 12 wa shirika la Citeaux walitumwa na Mtakatifu Bernard kutoka Clairvaux, Ufaransa, wakafika bonde la mto Rye katika ardhi waliyopewa na bwana mmoja aitwaye Walter Espec. Walikuwa watu wa sala na kazi za mikono, na utajiri wao ulitokana na kondoo na sufu. Chini ya abati Aelred, aliyeongoza kuanzia 1147 hadi 1167, mmonaki aliyeandika maisha yake anasema walifikia wamonaki 140 na mabruda wa kazi, yaani watawa wa kazi za mikono wasio mapadre, 500. Karne ya 13 walivunja upande wa altare (madhabahu) wakaujenga upya, mrefu zaidi, wenye safu tatu za matao, moja juu ya nyingine. Huo ndio dada yako alioupiga picha, kwa sababu ndio uliobaki karibu na kimo chake chote. Upande wa pili, uliojengwa miaka ya 1140, una misingi na visiki vya nguzo tu.

Tauni ya 1348 na 1349 iliua watu wengi kote Ulaya, na mwishoni mwa karne hiyo idadi ya watawa hapo ilikuwa imeshuka hadi kama 20 hivi. Nyumba ilikuwa imepwaya hata kabla mfalme hajaigusa. Mwaka 1534 Mfalme Henry wa Nane alijitenga na Roma, akajifanya mkuu wa kanisa nchini mwake. Sheria ya 1536 ilifunga nyumba ndogo za watawa, kisha kubwa zikafuata. Rievaulx ilikabidhiwa Desemba 1538. Uwanja na majengo yalikwenda kwa Thomas Manners, mkuu wa Rutland, lakini kengele na madini ya risasi vilikuwa mali ya mfalme.

Hapo kwenye risasi ndipo penye jibu lako. Paa la kanisa kubwa la wakati ule liliezekwa kwa mabamba ya risasi juu ya mbao. Bamba lenye unene wa milimita 3 lina uzito wa kilo 34 kwa kila mita moja ya mraba, kwa hiyo paa la mita za mraba 500 tu ni tani 17 za madini yanayouzika. Tena risasi huyeyuka kwenye nyuzijoto 327, joto ambalo moto wa kuni wa kawaida unalipita bila shida. Mafundi walikunja mabamba, wakayateremsha, wakachimba tanuru hapo hapo, na kuni zikawa mbao za paa lenyewe na za viti vya kwaya. Risasi ikamiminwa katika vipande vizito na kupigwa muhuri wa mfalme. Rievaulx ukuta wa mbele ulianguka juu ya baadhi ya vipande hivyo kabla havijachukuliwa. Vikalala chini ya kifusi hadi wachimbaji walipovifikia miaka ya 1920, kila kimoja cha karibu nusu tani, muhuri ukiwa bado unasomeka. Sehemu ya risasi hiyo ilitumika kutengeneza dirisha kubwa la kioo katika kanisa kuu la York. Imerudi kanisani, na tunafurahi kulisema hilo.

Paa likishaondoka, kazi iliyobaki inafanywa na mvua. Ukuta wa namna ile una nyuso mbili za mawe yaliyochongwa, na katikati yake kifusi kilichoshikwa kwa chokaa. Kichwa cha ukuta kikiwa wazi, maji huingia katikati na kuosha chokaa kidogo kidogo. Nchi za baridi zina adui mwingine: maji yakiganda huongezeka ukubwa kwa karibu asilimia 9, yakausukuma uso wa ukuta hadi utumbo wake unamwagika. Matao nayo husukumana. Ukiondoa tao moja kwa ajili ya mawe yake, jirani yake hana wa kumtegemea. Majirani nao walichukua mawe, wakianza na ya pembe na ya vizingiti, kwa kuwa hayo yamekwisha kuchongwa na yanafaa nyumba yoyote. Ndiyo maana magofu mengi yamekosa pembe.

Kilichoiokoa sehemu iliyobaki ni kwamba karne ya 18 wenye ardhi walianza kuliona gofu kuwa pambo la mandhari. Familia ya Duncombe ilitengeneza uwanja mrefu wa nyasi juu ya kilima ili wageni watembee wakilitazama kutoka juu. Mwaka 1917 serikali ililichukua chini ya ulinzi wake. Wahandisi waliingiza boriti za zege lenye nondo ndani ya vichwa vya kuta, mahali pasipoonekana, na zinashikilia kuta hizo mpaka leo. Mwambie dada yako asizitafute boriti hizo kwa macho, hataziona. Atazame badala yake namna vichwa vya kuta vilivyofunikwa ili maji yateleze nje.

SWALI: Je, kanisa lina kibla kama msikiti? Nikikuta gofu huku Pwani nitajuaje lilikuwa nini? – Mwanafunzi, Changamwe

JIBU: Makanisa ya zama za kati yalijengwa kwa desturi ya altare kuwa upande wa mashariki, jua linakochomoza. Lakini ni desturi tu, na ardhi ikikataa fundi hufuata ardhi. Rievaulx yenyewe iko katika bonde jembamba, kwa hiyo kanisa limelazwa karibu kaskazini kwa kusini na altare iko upande wa kusini. Kibla cha msikiti hakina ruhusa hiyo.

Kwa Mombasa hesabu ni rahisi mno. Mji wetu uko longitudo ya digrii 39 na dakika 40 mashariki, na Makka iko digrii 39 na dakika 50 hivi. Maana yake kibla chetu ni kaskazini karibu kamili. Chukua dira. Gofu lenye kishubaka kilichoingia ndani ya ukuta wa kaskazini, hasa chenye tao lililochongwa, ni msikiti. Utaona hivyo pale Gedi, katika msikiti mkuu, na karibu na hapo utakuta kisima na mahali pa kutilia udhu. Kanisa halina birika la udhu. Lina ukumbi mmoja mrefu, mlango upande mfupi, na upande wa pili sakafu iliyoinuliwa ngazi moja au mbili. Katika makanisa ya mawe ya zama za kati tafuta pia kishimo kidogo kilichochongwa ukutani kuliani mwa altare, kimo cha kiuno, chenye tundu la kupitisha maji. Padre alinawia vidole hapo. Kishimo hicho hubaki hata baada ya altare kung'olewa, na ndicho kinachoonyesha altare ilisimama wapi.

SWALI: Mimi huwapeleka wageni Ngomeni, yaani Fort Jesus ya Mombasa. Uwanjani kuna misingi tunayoambiwa ilikuwa kanisa la Wareno. Je, ni kanisa la zama za kati? Na kwa nini limebaki misingi tu ilhali kuta za ngome ziko imara? – Mtembeza wageni, Mji wa Kale

JIBU: Usiwaambie wageni ni la zama za kati. Wanahistoria wengi hufunga zama hizo kama mwaka 1500, na Fort Jesus ilianza kujengwa 1593 kwa mchoro wa Giovanni Battista Cairati, Mtaliano wa Milano aliyekuwa mhandisi mkuu wa Wareno katika India. Kile chumba cha ibada kilikuwa cha askari na watu wa ngome. Nje, mjini, watawa wa Mtakatifu Augustino walikuwa na nyumba yao.

Kuhusu swali la pili, linganisha kazi ya kila ukuta. Ukuta wa ngome una mita kadhaa za unene, nao umekaa juu ya mwamba wa matumbawe. Sehemu za chini ni mwamba wenyewe uliochongwa. Ulijengwa upokee mizinga. Kila aliyeiteka ngome aliuhitaji, akautengeneza. Ukuta wa kanisa ulibeba paa tu, na aliyekuja baadaye hakuuhitaji.

Nao walikuja wengi. Agosti 1631 Sultani Yusuf bin Hassan, aliyelelewa Goa na Waagustino na kubatizwa Dom Jerónimo Chingulia, aliingia ngomeni, akamuua kapteni Pedro Leitão de Gamboa, na Wakristo wa mjini, Wareno na Waafrika, wakauawa. Mwaka uliofuata aliondoka akiwa ameiharibu ngome, Wareno wakarudi. Maandishi ya jiwe juu ya lango, yenye mwaka 1635, yanataja matengenezo ya Francisco de Seixas de Cabreira. Kisha ukaja mzingiro wa Waomani, Machi 1696 hadi Desemba 1698. Wareno waliirudia ngome 1728, wakafukuzwa 1729. Kuanzia 1895 Waingereza waliifanya jela, nayo ikabaki hivyo hadi 1958. Jela inataka uwanja wa kupangia wafungwa. Misingi mnayoonyesha imefunuliwa na uchimbaji wa mwanaakiolojia James Kirkman, ulioanza 1958 ngome ilipotoka mikononi mwa magereza.

Ushauri mmoja wa kazi: ukitoka kwenye misingi hiyo wapeleke wageni kwenye michoro ya ukutani iliyotolewa katika buruji la São Mateus. Mabaharia na askari wa Kireno walichora merikebu, watu na majengo ya mji wao. Mgeni aliyeona misingi mitupu huelewa zaidi akiona walivyoichora dunia yao wenyewe.

SWALI: Nimepewa kazi ya kutengeneza ukuta wa zamani wa mawe ya matumbawe katika uwanja wa kanisa. Fundi aliyenitangulia alipiga plasta ya simiti miaka michache iliyopita. Sasa inabanduka kama maganda, na jiwe lenyewe linatoka unga. Nimekosa nini nikirudia simiti nzito zaidi? – Fundi mwashi, Likoni

JIBU: Fundi, usirudie. Simiti nzito zaidi itaharakisha maradhi yale yale.

Jiwe la matumbawe ni kama sifongo. Linanyonya unyevu kutoka ardhini na chumvi kutoka upepo wa bahari. Chini ya plasta ya chokaa unyevu hutoka nje polepole, chumvi ikakaukia juu ya plasta, ukaipangusa. Simiti inaziba njia hiyo. Unyevu unarudi nyuma, unakauka ndani ya jiwe, na chembe za chumvi zinakua ndani ya vitundu hadi zinavunja uso wa jiwe. Ule unga unaouona ndio huo. Simiti pia haina unyumbufu: ukuta wa zamani ukicheza kidogo, yenyewe hupasuka, na mvua hupata mlango.

Anza kwa kuitoa. Tumia patasi nyembamba na nyundo ndogo, ukianzia kwenye kingo zilizokwisha kuachia, kipande cha mita moja kwa wakati. Mashine ya kutikisa usiikaribishe. Mahali simiti imeshika kiasi cha kung'oa jiwe, iache. Hasara ya kuitoa ni kubwa kuliko ya kuiacha. Brashi kavu baada ya hapo, kisha ukuta upumue wiki kadhaa, ukifagia chumvi inayotoka bila kuiosha kwa maji mengi.

Chokaa. Ukipata chokaa hai ya tanuu, kumbuka kilo 100 za jiwe safi hutoa kilo 56 tu, na hiyo inapokutana na maji huchemka kweli kweli. Vaa miwani na glavu, tia chokaa ndani ya maji na si maji juu ya chokaa, weka ndoo ya maji safi kando kwa ajili ya macho. Chuja, hifadhi chini ya maji shimoni au ndani ya pipa lililofunikwa, miezi 3 au zaidi. Inakuwa laini kama siagi, haina punje. Punje zilizobaki mbichi ndizo baadaye hufura ukutani na kutoboa plasta vishimo vidogo. Ukikosa, nunua chokaa ya mfuko iliyo mpya, iloweke angalau siku moja kabla ya kuchanganya. Mfuko uliokaa dukani muda mrefu umeshavuta hewa na hautashika.

Mchanga usiwe wa ufuoni, chumvi yake ndiyo unayoikimbia. Chukua wa shimo au wa mto, wenye chembe kubwa na ndogo pamoja. Tia mchanga nusu ya chupa, jaza maji, tikisa, uache utulie: tope likiwa tabaka nene juu, uoshe. Kipimo ni karai 1 ya chokaa laini kwa karai 3 za mchanga. Pondaponda kwa chepe muda mrefu kabla hujafikiria kuongeza maji. Mara nyingi hayahitajiki. Ukifinya ngumini mchanganyiko ukae umbo bila kutoa maji.

Loweshe ukuta jioni na tena asubuhi. Ukuta mkavu hunyonya maji ya chokaa kwa dakika chache, na plasta inabaki mchanga mtupu. Jaza kwanza mashimo makubwa kwa vipande vya matumbawe, kisha piga tabaka lisilozidi milimita 10, likwaruze, ngoja wiki moja, piga la pili. Funika kwa magunia yaliyoloweshwa siku 5 hadi 7, hasa wakati wa kaskazi, kwa sababu chokaa hukazwa na hewa ikiwa na unyevu. Ikikauka kwa jua huwa unga. Malizia kwa chokaa ya maji, mikono 4 au 5 myembamba. Rangi ya plastiki inaziba kama simiti.

Ukiona nyufa kama nyavu kesho yake, maji yalizidi au jua lilikuwahi. Ikidondoka kwa mabamba, tabaka lilikuwa nene au ukuta ulikuwa mkavu. Na kabla hujagusa patasi, uliza kama jengo limetangazwa kuwa mnara wa kitaifa, yaani jengo la urithi linalolindwa na sheria. Likiwa hivyo, Sheria ya Makavazi na Urithi ya 2006 inataka kibali cha Makavazi ya Kitaifa, hata kama waumini wamekwisha kukulipa.

SWALI: Mkuyu umeota juu ya ukuta wa gofu karibu nasi. Vijana wanataka kuung'oa kwa kamba. – Msomaji, Mtwapa

JIBU: Wazuieni. Mizizi imekwisha kuchukua nafasi ya chokaa ndani ya ukuta, na mkiivuta mtavuta ukuta nayo. Kateni shina karibu na ukuta, msitingishe. Kisiki kipakwe dawa ya kuua miti papo hapo, kabla utomvu haujafunga kidonda. Mzizi ukifa baada ya miezi kadhaa, toeni ule unaotoka wenyewe tu, na nafasi ijazwe mota ya chokaa kuanzia chini kwenda juu. Kisha kichwa cha ukuta kifunikwe kwa mota iliyoinamishwa, maji yasituame, la sivyo ndege wataleta mbegu nyingine.

SWALI: Tunapanga safari ya jumuiya kwenda kanisa dogo la Wareno, Malindi. Tuangalie nini? – Katibu wa jumuiya, Tudor

JIBU: Ni kama kilomita 120 kwa barabara. Msitarajie ukubwa: ni chumba kimoja cha kuta za mawe na paa la makuti, na makaburi kuizunguka. Liko chini ya Makavazi ya Kitaifa. Mnaoenda kusali mtafurahi kujua kwamba Mtakatifu Fransisko Ksaveri alitua Malindi mwaka 1542 akielekea Goa, akamzika baharia aliyefia njiani. Katika barua yake anasema Waislamu wa mji walipendezwa na namna Wakristo wanavyozika wafu, na kwamba mzee mmoja wa mji alimlalamikia: misikiti ilikuwa 17, lakini iliyosaliwa ni 3 tu.

Mkiingia, inueni macho kwanza. Makuti yanaonekana duni, lakini ndiyo yaliyozizuia mvua za masika kuingia katika vichwa vya kuta, nayo hubadilishwa kila baada ya miaka michache. Baada ya hapo nendeni kwenye nguzo ya Vasco da Gama, aliyefika Malindi Aprili 1498. Msalaba wa juu ni wa mawe ya Ureno, koni inayoubeba ni ya matumbawe ya hapa, na tofauti ya mawe hayo mawili mtaiona bila kuambiwa. Ondokeni Mombasa alfajiri. Mwamba wa nguzo hauna kivuli, na saa sita mchana wazee watateseka.